Kuchora sura za watoto wa nchi nyingine kwa penseli: zinatoka kijivu, na zisafirishweje?

mwl_sanaa_moshi
Wakuu, habari za kazi. Klabu yetu ya sanaa ina wanafunzi 24, kila mmoja anamchorea mtoto mmoja wa kituo kilichoko Burundi kwa picha tulizotumiwa kwa simu. Wazo ni kama lile la The Memory Project ya Marekani, iliyoanza 2004: mtoto apelekewe sura yake iliyochorwa kwa mkono, ibaki mali yake. Tunatumia penseli za HB na karatasi za A4. Ngozi zinatoka kijivu na kumetameta, watoto wa miaka 7 wanaonekana wazee, na sijui nifungeje michoro isifutike njiani.

penseli_6B
Mwalimu, kumetameta kunatokana na kukandamiza. Grafiti, ile risasi ya penseli, ikisuguliwa kwa nguvu hulala bapa kama kioo, na tabaka jingine halishiki juu yake. HB haitoi weusi hata mbonyeze vipi. Penseli za B ni laini, na namba ikipanda weusi unaongezeka: anzeni na 2B kwa mkono mwepesi, kisha 4B, na 6B kwenye mboni, matundu ya pua na pale midomo inapokutana tu.

Ukijivu unakuja mkijaza uso mzima kivuli kimoja. Ngozi nyeusi huonekana hai kwa mng'ao wake: paji, mfupa wa shavu, ncha ya pua. Hapo acheni karatasi nyeupe tangu mwanzo, kwa sababu raba hairudishi weupe wote baada ya 6B. Msisugue kwa kidole. Mafuta ya ngozi huacha mabaka. Tishu iliyokunjwa inatosha.

Nywele fupi zichorwe kwa vijiduara vidogo, na ukingo wa kwenye paji ufifie. Mkiweka mstari mkali pale, mtoto anaonekana amevaa kofia.

mama_michoro
Uzee unaletwa na mistari. Ule wa kutoka puani hadi pembe ya mdomo, kwa mtoto ni kivuli hafifu tu. Meno msiyatenganishe moja moja: chora umbo la safu nzima, weka alama ndogo penye fizi, basi. Na macho ya mtoto yako chini kidogo ya nusu ya kichwa. Wanafunzi huyapandisha, paji linakuwa fupi, mtoto anakuwa mtu mzima.

Tumieni miraba, mnakili picha mraba kwa mraba. Picha ikatwe 10 × 14 sm, juu yake nailoni angavu yenye miraba ya sm 1. Kwenye karatasi miraba ni ya sm 2, jumla 20 × 28, inaenea A4. Ipeni miraba namba zilezile kwenye picha na kwenye karatasi. Msiichore kwa 2H, ni penseli ngumu, inachimba mifereji ambayo baadaye hubaki mistari myeupe shavuni.

Kagua picha kwanza. Iliyopigwa kwa simu karibu sana huvimbisha pua, na miraba itanakili kosa hilo kwa uaminifu kabisa. Omba irudiwe kutoka mita 2, karibu na dirisha, bila flashi.

mwl_sanaa_moshi
Asanteni sana. Nipulizie dawa ya nywele juu?

fungasha_vizuri
Hapana mwalimu, hufanya karatasi iwe njano baadaye. Nunua dawa ya kukazia michoro, pulizia nje kutoka sm 30, mara mbili nyepesi, ukiacha dakika 15 katikati. Ukilowesha, madoa.

Jina la kwanza na namba ya mtoto viandikwe nyuma kwa penseli kabla ya kuanza. Kalamu ya wino hutokeza mbele. Kati ya mchoro na mchoro weka karatasi ya tresing (ile nyembamba inayopenyeza mwanga), rundo zima ndani ya mfuko wa plastiki, kisha kadibodi mbili zenye mifereji inayopishana ili lisikunjike. Usiviringishe. Karatasi moja ya A4 ya gramu 200 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 12.5, kwa hiyo zote 24 ni gramu 300 kabla ya kadibodi. Fomu ya forodha ya posta ni CN22: andika "zawadi, michoro ya penseli".

Usitume kabla hujalinganisha orodha na kituo, jina kwa jina. Akikosa mmoja siku ya kugawa, huyo ndiye atakayeumia. Kama kuna mwanafunzi hajamaliza, mtoto wake mchoree wewe. Picha za watoto zisipandishwe mitandaoni, na zifutwe simuni kazi ikiisha.