Tupeane uzoefu: ulilifanyaje bafu la kizamani likapendeza bila kuvunja ukuta?

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila mtu akilalamika kwamba bafu lake limechakaa, kinachofuata ni habari za kubandua vigae na kung'oa sinki. Kwa niliyoyaona, mara nyingi kinachozeesha bafu zima ni kifaa kimoja tu, na kifaa hicho hufunguka kwa spana.

Kwangu kilikuwa kichwa cha shawa. Kilikuwa kimepauka, kimeota ukoko mweupe wa chokaa, nusu ya matundu yameziba na maji yanarukia ukutani. Nililishika bomba linalotoka ukutani kwa mkono mmoja ili lisizunguke (likizunguka linaweza kulegea kwa ndani, hapo ndipo kazi ndogo inapogeuka kubwa). Nati nikaiviringishia kitambaa koleo lisiichubue, nikafungua. Nyuzi za bomba (ile mikunjo ya kukazia) nikazisugua kwa mswaki mkuukuu mpaka mabaki yote ya tepu yakatoka, ndipo nikazungushia tepu mpya nyeupe ya mafundi, mizunguko mitatu hivi. Hapa mzingatie: ukitazama ncha ya bomba, tepu inafuata mwelekeo wa mshale wa saa. Ukienda kinyume, inajikusanya na kuchomoka wakati unakaza. Kichwa kipya nikakikaza kwa mkono, nikamalizia na koleo kidogo tu. Vichwa vingi vya shawa ni vya nyuzi za nusu inchi, kwa hiyo mara nyingi kipya kinaingia pale pale pa cha zamani.

Bafu likawa lingine. Leteni na ya kwenu, hasa yaliyogharimu kidogo.

MAMA WA USAFI
Asante kwa uzi, mkuu. Kabla ya kununua kichwa kipya, jaribuni siki nyeupe. Mimi niliimimina kwenye mfuko wa plastiki, nikauvisha kwenye shawa mpaka matundu yote yakazama, nikafunga kwa rababendi. Baada ya saa chache ukoko ulikuwa umelainika, nikasugua na kufungulia maji ya moto. Shawa ikarudi kumwaga vizuri.
Ila kama imepakwa rangi ya dhahabu au shaba, usizidishe nusu saa, siki itaila rangi. Na nawasihi sana: siki isikutane kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu ni chumba kidogo.

MPANGAJI
Sisi tunaokaa nyumba za watu hatuwezi kubadili mengi, lakini kikalio cha choo kinabadilika. Cha kwangu kilikuwa na nyufa na umanjano usiotoka hata usugue vipi. Pima vitu viwili: umbali kati ya matundu ya bolti, katikati hadi katikati, na urefu kutoka kwenye matundu hayo hadi ukingo wa mbele wa choo. Kuna vyoo vya duara na vilivyorefuka, na kikalio cha kimoja hakikai vizuri kwenye kingine.
Bolti zangu zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilizidondoshea mafuta ya kulainisha, nikaziacha zilale, na moja iliyogoma nikaikata kwa msumeno wa chuma huku nimetandika kadibodi kulinda choo. Kikalio cha zamani nimekihifadhi. Nikihama nakirudisha, cha kwangu naondoka nacho.

FUNDI MSTAAFU
Vijana mnasema vema. Mimi naongeza silikoni, ile gundi laini ya kuzibia mwanya kati ya beseni na ukuta. Watu wengi wananiita kubadili beseni la kuogea, nikifika nakuta beseni zima kabisa, kilichoharibika ni ule ukanda wa pembeni ulioota ukungu mweusi. Kata ule wa zamani wote kwa wembe. Usipake mpya juu ya wa zamani, hautashika. Safisha, acha pakauke kabisa. Kisha jaza beseni maji kabla ya kupaka, kwa sababu beseni likibeba uzito hushuka kidogo na mwanya hupanuka. Ukipaka likiwa tupu, siku ya kwanza mtu akiingia kuoga ukanda unaachia. Maji yaache humo mpaka silikoni ikauke, saa 24 kwa kawaida, ila soma maelezo ya kwenye chupa.

MGENI HAPA
Shikamooni wakubwa. Nataka kubadili bomba la sinki lakini koki ya chini haizungushiki. Nifanyeje?

MLETA UZI
Marahaba. Usiilazimishe, koki iliyokaa miaka bila kuguswa inaweza kukatikia mkononi maji yakiwa na presha. Funga koki kuu ya nyumba, kisha fungulia bomba la chini kuliko yote mpaka liache kutoa maji, ndipo uanze. Ukishafika hapo, badilisha na hiyo koki iliyogoma. Halafu kabla ya kununua bomba, chungulia chini ya sinki uhesabu matundu. Yakiwa matatu, pima kati ya matundu mawili ya pembeni: kuna mabomba ya inchi 4 na ya inchi 8, nayo hayaingiliani. Andika kipimo, piga na picha, nenda navyo dukani.