Mrejesho: Jiko langu la maranda, hataza au siri?

Wakuu, wakubwa shikamooni. Niliwauliza kama jiko langu la maranda, ninalounda hapa Mafinga, nilikatie hataza (patent, haki ya kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wako) BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, au nilifanye siri ya biashara.

Nimegawa mara mbili: jiko, na gundi ya mkaa ninaoutengeneza kwa maranda. Jiko lenyewe nimeliombea hataza. Fundi yeyote akilinunua akafungua boliti nne za chini, anaona matundu ya hewa yalivyopinda, kesho anachomelea lake. Siri gani hapo? Hataza inaweza kufika miaka 20, ila lazima ueleze kila kitu wazi.

Gundi ya kushikanisha huo mkaa ndiyo nimeificha. Hata ukiuvunja mkaa, kipimo cha unga wa muhogo na muda wa kuuchemsha huvioni kwa macho. Vijana wangu wawili wamesaini mkataba wa kutunza siri, na kupima napima mwenyewe alfajiri kabla hawajafika. Mtu akiigundua kwa akili yake sina kesi, nimelikubali hilo.

Nane Nane Mbeya nilikuwa niliwashe mbele ya umati kabla sijawasilisha maombi. Upya wake, ambao hataza inautaka, ungekuwa hatarini! Uliyenionya, Mungu akubariki sana. Sasa nasubiri uchunguzi wa maombi yangu.