Mjadala: Mwanafunzi wa uhifadhi aanzie kwenye jenetiki au kwenye hatimiliki ya shamba?

Naleta hoja hii mezani nikijua itawakera baadhi ya wenzangu tunaofundisha shahada ya kwanza hapa Nairobi. Kozi ya baiolojia ya uhifadhi isiyomwonyesha mwanafunzi jinsi ardhi inavyomilikiwa, inavyogawanywa na kuuzwa, haijamfundisha uhifadhi wa Kenya. Sheria ya ardhi na uchumi wa boma viwe vya lazima tangu mwaka wa kwanza. Saa zikikosekana, zitoke kwenye mada nyingine, ikiwemo jenetiki, yaani elimu ya jinsi sifa zinavyorithiwa.

Somo hili la uhifadhi halikuzaliwa hapa. Mwanabaiolojia Michael Soulé alipoliandikia msingi wake Marekani mwaka 1985 aliliona kuwa taaluma ya dharura, ambayo mtaalamu wake hulazimika kuamua kabla hajapata taarifa zote. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni mifano tunayoendelea kuibeba. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakueleza vizuri kabisa jinsi puma wa Florida, paka wakubwa wa mwituni waliokuwa wakizaliana ndugu kwa ndugu, walivyonusurika kwa kuletewa majike 8 kutoka Texas mwaka 1995. Muulize nyumbu wa Athi-Kaputiei, tambarare za kusini mwa Nairobi, wamekwenda wapi, atakujibu "ujangili", kisha atanyamaza.

Nyumbu hao walikuwa karibu 30,000 mwaka 1978. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi, uliachwa bila ua ili wanyama wapite. Mvua ikinyesha nyumbu walitawanyika tambarareni hadi mbali, kiangazi wakarudi mbugani kufuata maji. Kisha ranchi ya kikundi ya Kitengela, ardhi ya wafugaji iliyomilikiwa kwa pamoja, ikagawanywa miaka ya 1980 na kila mwanachama akapata chake. Shamba likakatwa ploti, ploti ikazungushiwa seng'enge, ikaja nyumba, yakaja machimbo ya mawe. Ukame ulichangia, na nyama ya porini iliuzwa, sikatai. Lakini njia yenyewe ilizibwa na watu waliouza mali yao kihalali kwa wanunuzi kutoka mjini, wakiwemo wasomi wa uhifadhi.

Mwaka 2000 ulianzishwa huko mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, mradi wasijenge ua, wasichimbe mawe, wasiuze. Malipo yaligawanywa mara tatu, yakapangwa yafike shule zinapofunguliwa, mzazi anapohangaikia karo. Mimi huanza hapo darasani. Familia yenye ekari 100 ilipata shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Haya, ploti ya moja ya nane ya ekari huko Kitengela ni bei gani? Sihitaji kuwapa jibu, kwa sababu wengi wanaishi Rongai na Kitengela na wanaona mabango kila asubuhi wakiwa kwenye matatu. Darasa hubadilika papo hapo. Wanaanza kuuliza nani alipe hiyo tofauti, hazina ya taifa au mtalii, na kwa nini 300 na si 3,000. Hayo ndiyo maswali watakayokutana nayo kazini, na hakuna fomula ya ukubwa wa idadi ya wanyama itakayowajibia.

Nawasikiliza.

Mchangiaji, mhadhiri wa jenetiki:
Mwalimu, nakuheshimu, lakini unakata tawi unalolikalia. Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na Fatu, wote majike, pale hifadhi ya Ol Pejeta. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Kinachobaki ni maabara: mayai ya Fatu na mbegu za madume zilizogandishwa. Bongo wa milimani, wale swala wakubwa wa msituni, nao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Marekani mwaka 2004. Nani atajua yupi apandishwe na yupi bila kuzaliana ndugu kwa ndugu? Ukiwanyima vijana hawa jenetiki, tutaendelea kuita wataalamu kutoka nje kwa ajili ya wanyama wetu. Hatimiliki wakajifunze kitivo cha sheria.

Mchangiaji, mzazi kutoka Kitengela:
Mimi si msomi wa mambo haya, ni mfugaji. Wanafunzi huja na karatasi za maswali, wanauliza nina ng'ombe wangapi na kama nawapenda simba. Wakiondoka hawarudi. Juni 2012 waliuawa simba 6 huku baada ya kula mifugo, na dunia nzima ikatulaumu. Mwanafunzi alale bomani usiku mmoja fisi wakilia nje ya zizi, na asubuhi atusaidie kujaza fomu ya fidia. Akishaijaza ataelewa kwa nini watu wanauza.

Mtoa mada:
Mzee, asante sana. Hilo la fomu nalichukua kama lilivyo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na sijawahi kuona mtihani wa chuo unaomtaka mwanafunzi aandae dai kama hilo kuanzia ushahidi hadi mwisho. Liwe zoezi la alama.

Daktari, kuhusu vifaru nakubaliana nawe, ndiyo maana nasema saa zipunguzwe, sijasema somo lifutwe. Wanaotaka maabara wabobee mwaka wa nne na shahada ya pili. Lakini kuwapeleka kitivo cha sheria sikubali. Huko watafundishwa ardhi bila nyumbu, kwetu wanafundishwa nyumbu bila ardhi. Na hao bongo wakishazaliana, wataachiwa kwenye msitu upi, unaopakana na shamba la nani? Anayetunza kizazi chao maabara asipojua jibu, kazi yake itaishia kwenye zizi la kuzalishia.

Sasa nawauliza mliohitimu miaka ya karibuni na mko kazini: ni mada gani ya darasani hamjaigusa hata mara moja tangu mwajiriwe? Itajeni kwa jina, tuanzie kukata hapo.