Eunos Roadster 1.6 inasita nikikanyaga mafuta, nianzie wapi? (Malindi)

Mwana wa Shela
Salaam aleikum waungwana. Naomba ushauri. Gari ni Mazda Eunos Roadster ya mwaka 1990, injini ya 1.6, gia za mkono. Asubuhi inawaka bila taabu. Ikishapata moto, nikikanyaga mafuta kutoka mizunguko 1,500 hivi inasita kidogo, halafu inaruka mbele kwa ghafla. Ikipita 3,000 haina neno, inavuta mpaka mwisho. Ikiwa imesimama inanguruma, mshale unacheza kati ya 700 na 1,000. Plagi na filta ya petroli ni mpya. Fundi anasema pampu ya mafuta imechoka, ninunue nyingine. Kabla sijatoa pesa, mwasemaje?

Spana ya Barani
Wa aleikum salaam. Pesa ya pampu ikae mfukoni kwanza. Pampu iliyochoka hujionyesha pale injini inapodai petroli nyingi: gia za juu, mwendo mkubwa, mguu chini. Yako inasita chini na kuvuta vizuri juu. Ni kinyume kabisa.

Hii 1.6 hupima hewa kwa kibao chenye springi, kilichomo ndani ya kisanduku kinachoshikana na filta ya hewa. Hewa ikivutwa kibao hufunguka, na kompyuta hujua imwage petroli kiasi gani. Hewa inayoingia baada ya kibao haihesabiwi, kwa hiyo petroli inakuwa haba na injini inasita. Sasa tazama ule mpira mnene unaokatiza mbele ya injini kwenda kwenye throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na kanyagio la mafuta. Ukikanyaga, injini inajipinda kwenye maundingi zake na kuuvuta huo mpira. Ukiwa na ufa, ufa unapanuka wakati huohuo unaotaka nguvu. Joto la injini na miaka zaidi ya 30 vinatosha kuukausha.

Usiukague ukiwa garini. Legeza klipu, utoe mzima, uukunje mkunjo mmoja mmoja juani, hasa upande wa chini ambao jicho halifiki. Mipira midogo, ule wa mvuke wa oili na ule wa kusaidia breki, ikague papo hapo.

Pwani Motor
Na petroli yenyewe je? Huenda imechanganywa na mafuta ya taa.

Spana ya Barani
Petroli ya namna hiyo huifanya injini igonge ikibebeshwa mzigo na ikose nguvu kote, hata juu. Yeye juu hana neno. Mimi singeanzia huko.

Mkondo wa Umeme
Naungana na Spana juu ya mpira, ila waya za plagi msizisahau. Ukikanyaga ghafla, mgandamizo ndani ya silinda unapanda na cheche inahitaji volti zaidi kuruka. Waya uliochoka huivujisha kando, ikapiga kwenye chuma badala ya plagi. Kwenye gari hili koili, zinazotengeneza umeme wa cheche, zimekaa nyuma ya injini penye joto, na waya zake huchoka mapema.

Usiku, fungua boneti, zima taa zote, injini ikinguruma, nyunyizia waya maji mepesi kama umande. Ukiona nyuzi za buluu zinatambaa, umepata mwizi. Mikono iwe mbali. Kisha injini ikiwa imezimwa, chomoa kila waya uupime: kawaida ni kilo-omu 16 kwa mita moja, kwa hiyo waya wa nusu mita usome 8 hivi. Plagi ni BKR5E-11 au BKR6E-11, mwanya milimita 1.0 hadi 1.1.

Koili moja huchoma silinda 1 na 4, nyingine 2 na 3. Zikikosa zote mbili za pamoja, shuku koili. Ikikosa moja, shuku waya au plagi.

Jambo jingine la kwetu pwani ni chumvi. Betri ya gari hili iko kwenye buti, kwa hiyo injini hurudishia umeme kupitia bodi. Washa taa kubwa injini ikinguruma, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, fungua vifungo vya waya hasi, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu.

Bi Tezo
Mwanangu, pima na sensa ya joto la maji, ile ya waya mbili nyuma ya injini. Ile ya waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi, hiyo iache. Maji yakiwa nyuzi 20 isome kilo-omu 2.2 hadi 2.7, yakiwa 80 isome omu 290 hadi 350. Kwa kuwa asubuhi inawaka vizuri simshuku sana huyu, ila kipimo hakina gharama.

Pampu nayo ipimwe ili maneno yaishe. Injini ikinguruma, chomoa rilei ya pampu chini ya dashibodi, iache izime yenyewe, ndipo ufungue mpira wa petroli na kuingiza geji. Rudisha rilei, washa. Injini ikinguruma tu, tarajia PSI 30 hadi 37. Ukichomoa kimpira cha upepo kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya petroli, ipande 38 hadi 46.

Mwana wa Shela
Shukran sana. Majibu haya. Geji: 33, na kimpira kikitolewa 42. Mpira wa hewa una ufa kama ukucha upande wa chini. Ukitulia hauonekani, ukikunjwa unafunguka. Waya wa silinda 3 unasoma kilo-omu 41, wengine kati ya 6 na 8. Sensa na waya hasi ni sawa.

Spana ya Barani
Basi pampu yako ni nzima. Nunua seti kamili ya waya, usibadilishe mmoja. Mpira ukisubiri mpya, usafishe kwa petroli, ukauke, uzungushie tepu ya silikoni inayojishika yenyewe, ukiivuta kwa nguvu. Gundi ya gasketi usipake: mpira unacheza, itabanduka na vipande vivutwe ndani.

Bi Tezo
Ukimaliza, toa nguzo hasi ya betri na ukanyage breki sekunde 20, kompyuta isahau ya zamani. Rudisha, injini ipate moto. Kwenye kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS unganisha pini za TEN na GND kwa kipande cha waya, rekebisha mizunguko iwe 850, na taa ya taimingi, inayoonyesha cheche inaruka lini, isome nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Kisha toa hicho kipande.

Na fundi asifungue mfuniko mweusi wa kisanduku cha kibao akaigusa springi. Gurudumu la meno linaloikaza likisogezwa meno mawili tu, petroli inaharibika kuanzia chini mpaka juu, na kuirudisha ilipokuwa ni kazi.

Mwana wa Shela
Nimekuelewa, Bi Tezo. Nikijaribu barabarani niangalie nini?

Bi Tezo
Vuka daraja la Sabaki, shika njia ya Mambrui penye nafasi. Gia ya nne, mizunguko 2,000, kanyaga taratibu, kisha kwa ghafla. Ikisita pale tu unapokanyaga kwa ghafla, ndipo tupime njia ya kaboni ndani ya kisanduku cha kibao, ile inayoiambia kompyuta kibao kimefunguka kiasi gani: mita ya mshale kwenye pini za E2 na Vs, ukisukuma kibao kwa kidole polepole. Mshale ukiruka au ukikatika njiani, kisanduku kimekwisha.