Mnyama gani huyu anaonekana pori la huku Chemba, jirani na Swagaswaga?

mfugaji_wa_kati: Wakuu habari za jioni. Huku kwetu jirani na pori la akiba Swagaswaga kuna mnyama anaonekana magharibi watoto wakirudisha mbuzi, mmoja anasema ana mkia mrefu, mwingine anaapa ni mweusi tii. Juzi jirani kapoteza mbuzi, tukaukuta mzoga umepachikwa juu ya mti. Sasa watu wanasema huyo ni mnyama wa kutumwa, wanakumbushia watu-simba wa Singida miaka ya 1940, na kuna babu mmoja ameshaanza kunyooshewa kidole. Hilo ndo linaninyima usingizi. Mwenye uelewa anisaidie.

Nyayo_Mbichi: Mkuu huo mti ushakujibu, ni chui. Fisi hapandi mti, simba nyama yake anailia chini. Weusi usikutishe, wapo chui wanaozaliwa weusi, 2019 zilisambaa picha za mmoja wa Laikipia kule Kenya, na ukimwangalia juani madoa yake unayaona. Halafu jioni vichakani rangi inadanganya sana. Ile ya Singida ilikuwa watu kuua watu wakasingiziwa simba, hapa kaliwa mbuzi, muacheni babu wa watu jamani.

dada_wa_Kondoa: Kwa mbuzi nakubali ni chui ila si ajabu watoto wengine walimuona mondo, yule paka pori mwenye madoa, ana miguu mirefu ila mkia wake mfupi, waulize vizuri. Asubuhi angalia nyayo, ya chui ni duara na kucha hazionekani maana anazificha, ya fisi kucha zinaonekana. Weka kiberiti pembeni ndo upige picha, ili ukubwa wa unyayo ujulikane.

Boma_Imara: Nakuomba kaka, mtu asije akatia sumu kwenye huo mzoga!! Watakufa mbwa wenu, watakufa tumbusi, na chui anaweza asiguse kabisa. Piga picha kabla hamjauondoa, peleka kwa mtendaji wa kijiji amuite afisa wanyamapori wa wilaya, bila ushahidi kifuta jasho cha serikali kwa mifugo iliyoliwa utakisikia tu. Na mbuzi walale kwenye boma refu la miiba iliyoshonana, kama kuna mti umeinamia boma kateni matawi, chui anashukia hapohapo.

mfugaji_wa_kati: Asanteni sana. Mti wa mkwaju umeinamia boma la jirani kweli, kesho tunakata. Mtendaji nimeshampigia, nimemuomba aje na afisa aongee na wazee mbele ya huyo babu.