Marefa wa futiboli ya vyuo Marekani wanabeba timu? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Ohio

Wadau mlioko Marekani, na wengine mnaoufuatilia mpira huu wa kubeba mkononi, habari za Jumamosi. Naomba tupeane uzoefu: umewahi kumwona refa akibeba timu kwenye mechi za vyuo? Ya kusikia tuyaache, leta uliyoyaona.

Naanza mimi. Nilifanya usafi miaka miwili kwenye uwanja wa chuo kimoja huku. Siku hiyo nimesimama kona na toroli langu la taka, zimebaki dakika tatu. Kijana wa timu ya wageni akaruka, akaudaka mpira hatua tano tu kutoka nilipo. Kwenye vyuo mguu mmoja ukitua ndani inatosha, si miwili kama kwenye NFL, ligi ya kulipwa. Mguu wake wa kushoto ulitua kwenye majani, chokaa ya mpaka haikuguswa, hadi alama ya daluga niliiona. Refa alikuwa karibu kuliko mimi. Akainua macho kwanza jukwaani, watu wanapiga kelele hadi chini kunatetemeka, kisha akapunga mikono: nje! Video ikarudiwa, wakasema hakuna picha ya kutosha kubadilisha. Yule kijana akabaki amepiga magoti, anaionyesha ile alama kwa kidole, na hakuna anayeitazama. Usiku ule nilizoa taka roho inaniuma, na timu ile wala si yangu.

Siamini kwamba refa yule alihongwa. Mimi shida naiona kwa anayewapanga. Hawa hawatoki chombo kimoja cha taifa. Kila ligi ya vyuo ina wa kwake: SEC ina marefa wake, Big Ten wake, ACC wake. Ligi inawapanga, inawapima yenyewe, na ligi hiyohiyo inafaidika timu yake ikifika kugombea ubingwa. Mwaka 2009 Florida, timu ya SEC na namba moja nchini wakati huo, iliifunga Arkansas, nayo ya SEC, 23–20. Robo ya nne mlinzi wa Arkansas aliadhibiwa kwa kosa ambalo SEC wenyewe walikiri baadaye kuwa halionekani kwenye video. Marefa wakasimamishwa, matokeo yakabaki palepale. Mwaka 2006 Oklahoma wakalala 34–33 kwa Oregon, wakichezeshwa na marefa wa ligi ya Oregon. Kijana wa Oregon aliugusa mpira wa kuanzia uliopigwa na wenzake kabla haujafika yadi 10, jambo lisiloruhusiwa, na hata waliorudia video wakapitisha. Ligi ikaomba radhi. Radhi haihesabiwi kwenye msimamo.

Mama Zuhura, Texas

Kaka, mimi yangu ni ya Oktoba 2024, Texas na Georgia pale Austin. Tulikuwa tunaangalia sebuleni. Texas wamenasa pasi ya Georgia, mara kitambaa cha njano, alama ya refa ya kosa, kikatupwa, eti mlinzi wao kamzuia mpokeaji. Mashabiki wakaanza kurusha chupa uwanjani. Mchezo ukasimama, watu wakaokota chupa, marefa wakasogeleana wakanong'ona, na kitambaa kikafutwa. Texas wakarudishiwa mpira wao.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mbovu, sikatai. Lakini bila chupa zile wangepata wapi muda wa kunong'ona? Georgia walishinda 30–15 hata hivyo, na SEC ikaitoza Texas dola 250,000. Kilichonibakia mimi ni mwanangu wa miaka 11 kunigeukia: "Mama, kumbe tukirusha chupa wanabadilisha?" Nilikosa la kumwambia.

Mchangiaji, Minnesota

Ndugu zangu, mimi nachezesha. Ni shule za sekondari tu, lakini kazi ni ileile, kwa hiyo naomba mnisikilize.

Kwanza, mengine ni makosa matupu. Mwaka 1990 Colorado walipewa jaribio la tano la kusogeza mpira, wakati timu hupewa manne tu, wakafunga, wakaishinda Missouri 33–31. Na mechi ilikuwa nyumbani kwa Missouri! Pale refa alimbeba nani? Walipoteza hesabu, basi.

Lakini sitawaficha. Kwenye kila mpira unaoanza kuna mtu kashikwa jezi mahali. Ukipuliza zote, mechi haiishi. Tunafundishwa kujiuliza: kule kushika kumemfungulia njia mwenye mpira? Jibu liko kichwani mwako, hakuna mstari wa chokaa wa kukusaidia. Hapo ndipo upendeleo unapopata mlango.

Mechi moja kocha wa wenyeji alinisumbua kipindi kizima cha kwanza. Kila nikipita: "Refa, namba 72 anashika." Robo ya tatu nikaona mkono wa 72, nikatupa kitambaa. Wageni, timu ya huyo 72, wakarudishwa yadi 10 nyuma, wakapoteza nafasi ya kufunga. Nyumbani nikaangalia video mara sita. Mkono wa mtoto ulikuwa wazi, kifuani mwa mwenzake, halali kabisa. Nilikuwa nimeona nilichoambiwa nikione. Senti ya mtu sikula.

Siku chache baadaye nikamkuta 72 dukani, ndiye ananipangia vitu kwenye mfuko. Nikamwambia, "Ile haikuwa kosa." Akaacha kupanga, akanitazama. "Kocha wangu alinikimbiza raundi 20 kwa ile," akasema, kisha akaendelea na mayai.