Ushauri: fayawoli ya tawi la Pemba inaweza kuangushwa kutoka nje, niiandike hatari kubwa au ya wastani?

Msumari_wa_Jahazi (mleta mada)
Asalaam alaykum wenzangu. Mimi ndiye nnayeangalia mtandao wa taasisi moja, makao makuu yapo Unguja na tawi lipo Pemba. Imetoka taarifa ya usalama kuhusu fayawoli (kifaa kinacholinda mlango wa mtandao) za aina tunayotumia tawini. Mtu yeyote aliye nje, bila ya jina wala nywila, anaweza kutuma pakiti (kipande cha data) iliyotengenezwa makusudi kwenye lango la VPN, yaani njia ya faragha ya kuingilia mtandao wetu kutoka mbali, kifaa kikajizima na kujiwasha. Akirudia rudia, kifaa kinaingia hali ya matengenezo na kinabaki humo mpaka mtu akitoe kwa mkono. Alama waliyoipa inaangukia kundi la "kubwa", lile la 7.0 hadi 8.9 kwa kipimo cha 0 hadi 10.

Jumatatu mkurugenzi anataka karatasi moja tu: kwetu hatari hii ni kubwa, ya wastani au ndogo? Mimi naelekea kwenye wastani, maana haiibi taarifa na haimpi mtu ruhusa ya kuingia. Inaangusha tu. Na ya kwetu ilishawahi kuanguka, nikairudisha nikiwa hapa hapa Unguja na kazi ikaendelea.

Waliowahi kufanya tathmini kama hii naomba wanishauri. Na kama kuna mwenye pakiti ya majaribio anitumie faragha, nijue kwa yakini kama ya kwetu inaathirika. Chapa ya kifaa sitoitaja.

Pweza_wa_Nungwi
Waalaykum salaam. Toa hilo dude utie ruta ya MikroTik, ulale usingizi. Huku kaskazini hoteli nnayoihudumia tunaitumia miaka, wageni wanaangalia mpira usiku kucha. Malalamiko pekee niliyopata msimu huu ni ya mzee mmoja aliyetaka mawimbi ya intaneti yafike baharini, apige simu ya video huku anaogelea.

Ustadh_Konsoli
Pweza, MikroTik nayo imepita humo humo. Mwaka 2019 walirekebisha udhaifu wa IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti), namba yake CVE-2018-19299, uliokuwa unakula kumbukumbu ya ruta mpaka inajiwasha upya. Kuhama chapa hakujibu swali la mwenzetu.

Msumari, alama ile wameupa udhaifu wenyewe. Hakuna aliyekuja kulitazama tawi lako. Tathmini ni kazi yako, na inaanzia kwenye masharti. Chukua mfano wa Disemba 2024, CVE-2024-3393 ya fayawoli za Palo Alto: pakiti mbaya ikipita ndani ya fayawoli, kifaa kinajiwasha upya, na ikirudiwa kinaingia hali ya matengenezo. Ilikuwa imeshaanza kutumika kwa watu, na CISA, idara ya usalama wa mtandao ya Marekani, ikaitia kwenye orodha yake ya udhaifu unaotumiwa. Lakini ilimgusa yule tu mwenye leseni ya DNS Security, kipengele cha kukagua maulizo ya majina ya tovuti, na aliyewasha kurekodi kwake. Jirani mwenye kifaa kile kile bila ya kipengele hicho hakuwa na la kuogopa siku ile.

Halafu usidanganyike na ukubwa wa laini. Mwaka 2016 watu wa kituo cha usalama cha TDC, kampuni ya simu ya Denmark, walieleza shambulio waliloliita BlackNurse. Ni pakiti za ICMP (ujumbe wa hitilafu za mtandao), aina ya 3, msimbo wa 3, kwa megabiti 15 hadi 18 tu kwa sekunde. Baadhi ya fayawoli zilikuwa zinazidiwa prosesa, na waliomo ndani hawatoki tena. Hiyo ni kompyuta moja, hata jeshi la kompyuta hulihitaji. Ya kwako inaangushwa kwa wepesi zaidi ya hapo kama pakiti chache zinatosha.

Kwa hiyo nijibu: toleo gani la programu limo? Lango la VPN limewashwa, na linaonekana kutoka intaneti nzima? Kiraka, yaani toleo lililorekebishwa, kimetoka? Nyuma ya kifaa kuna nini? Kikiingia hali ya matengenezo saa nane za usiku, nani anakwenda?

BintiMkoani
Hilo la nani anakwenda ndilo la kwanza kwangu. Mimi nipo Pemba na nimeshayaona. Kifaa kinaanguka Ijumaa jioni, fundi yupo mjini Unguja. Akikosa boti ya leo anangoja nyengine, na upepo wa kusi ukishika hata hiyo nyengine inaahirishwa. Akishuka Mkoani bado kuna safari ya gari mpaka Chake au Wete. Waandishi wa alama hawajui habari hizo. Kukatika kwa dakika kumi kwao, huku kwetu ni siku nzima na zaidi.

Bwana_Karafuu
Bi Mkoani umenikumbusha mbali. Unguja tulikaa bila ya umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, njia ya chini ya bahari kutoka Bara ilipokufa. Na mwaka 2008 tulishaonja mwezi mzima. Majenereta mji mzima, samaki wanaozea mafrijini, maji hayapandi matangini kwa kuwa pampu hazina umeme. Kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye waya mmoja. Kijana, una fayawoli ngapi huko tawini?

Msumari_wa_Jahazi
Moja, ami. Lango la VPN limewashwa na linaonekana nje, kwa sababu madaktari wanasoma majibu ya maabara wakiwa majumbani. Toleo ni katika yaliyotajwa. Kiraka kimetoka.

Ustadh_Konsoli
Madaktari? Kwa hivyo ni hospitali.

Msumari_wa_Jahazi
Ndiyo, ya binafsi. Sikutaka kuitaja, kisiwa kidogo watu wanajuana.

MamaWete
Mwanangu, hiyo ni amana. Watu wameleta watoto wao hapo. Usitafute neno la kumfurahisha mkurugenzi, andika unachokiona. Na msidhani kuanguka ni jambo jepesi kwa kuwa hakijaibiwa kitu. Ni sawa na mlinzi aliyezimia akaangukia mlango kwa ndani: mwizi haingii, na mgonjwa haingii.

Kijana_wa_Ilala
Mkuu, kama kiraka kimetoka mbona huu uzi umekuwa mrefu? Sasisha usiku, asubuhi chai.

Msumari_wa_Jahazi
Si rahisi hivyo. Kuna mambo ya bajeti, na msimu huu siwezi kuzima.

Ustadh_Konsoli
Kusasisha ni kusitisha huduma kwa muda mfupi, na saa unazichagua mwenyewe. Kuangushwa unachaguliwa. Hebu sema kweli, ukurasa wa leseni unaonesha nini?

BintiMkoani
Na mimi nauliza hilo hilo. Bajeti gani ya kupakua faili?

Msumari_wa_Jahazi
Haya. Kifaa hakina mkataba wa msaada. Kimesajiliwa kwa jina la kampuni nyengine kabisa, nje ya nchi, na tovuti ya watengenezaji hainipi faili. Kilinunuliwa kikiwa kimeshatumika. Aliyetuletea ni shemegi yangu, kaka yake mke wangu, ana biashara ya vifaa.

Kabla hamjanirukia: wakati ule fungu lilichelewa na tawi lilikuwa linafunguliwa. Bila ya yeye tungelikaa na ruta ya kawaida tu. Alisema leseni itahamishwa, na mimi ndiye niliyesaini kupokea mzigo. Nikiandika "kubwa", mkurugenzi atauliza kwa nini hatusasishi, na jibu litafika nyumbani kwangu kabla ya magharibi. Nimeshapata faili la toleo jipya kwenye kundi moja la mafundi. Nakusudia kulitia Ijumaa usiku, na ripoti iseme wastani, inashughulikiwa. Sioni aliyedhurika hapo.

Pweza_wa_Nungwi
Mpakieni shemegi kwenye boti ya Pemba akakae nayo fayawoli yake, ikizima aiwashe.

MamaWete
Shemegi ni wa kuzungumza naye nyumbani, na mkeo awepo. Hospitali usiitie kwenye mambo ya ukweni.

Kijana_wa_Ilala
Ngojeni kwanza. Mimi siiamini hii hadithi. Ujumbe wa kwanza tu kaomba pakiti ya kuangushia, tena faragha. Chapa hataji. Tukimbana inatoka hospitali, tukimbana tena anatoka shemeji. Na lipo moja halikai sawa: kasema kifaa kilianguka akakirudisha akiwa Unguja. Fayawoli iliyo kwenye hali ya matengenezo haipitishi chochote, na ni moja tu. Kaingilia wapi huyo? Wakuu, mtu anawinda silaha ya kumwangushia mwenzake na ninyi mnamsomesha.

Bwana_Karafuu
Hata mimi hapo nimesita.

Ustadh_Konsoli
Hoja ya Ilala ina uzito. Pakiti hapa hatoi mtu, awe mkweli au muongo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi Bara na Zanzibar, na kuangusha mtandao usio wako hakuitwi majaribio. Na kama kweli ni hospitali, pakiti huihitaji. Toleo limo kwenye orodha, lango limewashwa, linaonekana nje: umeshaathirika. Kujaribu kwenye kifaa kinachofanya kazi ni kuwafanyia wagonjwa lile lile unaloliogopa. Msumari, eleza ulikirudisha vipi.

Msumari_wa_Jahazi
Nilikirudisha kwa mdomo. Nilimpigia kijana wa mapokezi, zamu ya usiku. Kebo ya konsoli, ya kukiamrisha kifaa moja kwa moja bila ya mtandao, niliiacha imefungwa kwa mpira juu ya kabati la vifaa, nikamwambia aichomeke kwenye laptopu ya mapokezi. Simu yake kaiegemeza kwenye chupa ya maji, kamera inatazama kioo. Maandishi yalikuwa yanapita mbio, hayasomeki, kwa hiyo kila yakisimama ananisomea herufi moja moja. Neno "continue" alilitamka "kontinu-e", na mimi nikamwambia bonyeza hapo hapo. Chumba kile hakina kiyoyozi cha maana na feni ya kifaa ilikuwa inavuma mpaka simsikii. Maabara wakati huo walikuwa wanapeleka majibu wodini kwa karatasi, mtu anatembea nayo mkononi. Mgonjwa mmoja aliyesubiri majibu yasomwe na daktari wa Unguja alisubiri mpaka asubuhi.

Sijui kwa nini kilianguka siku ile. Logi (kumbukumbu za kifaa) mpya zilijiandika juu ya za zamani.

BintiMkoani
Mimi namwamini. Habari ya "kontinu-e" haitungwi na mtu wa kuwinda pakiti. Lakini Msumari, umesema kazi iliendelea, na sasa unatwambia mgonjwa alisubiri mpaka asubuhi. Hicho ndicho cha kuandika kwenye karatasi ya Jumatatu, tena mstari wa juu kabisa.

Kijana_wa_Ilala
Mimi bado nusu nusu. Ila kwa faida ya wasomaji wengine tuendelee.

Ustadh_Konsoli
Basi andika hivi kwa lugha ya mkurugenzi: anayeweza kuangusha hahitaji nywila, yuko popote duniani, kifaa ni kimoja, kikianguka madaktari hawaoni majibu, na kukirudisha kunategemea kijana wa mapokezi kuwa zamu. Kwa hali hiyo ni kubwa, hata kama hakuna taarifa inayoibiwa. Hata ungekuwa na mbili za aina moja, toleo moja, ya pili ikipokea kazi inapokea na pakiti zile zile.

Faili la kundini liache. Ukitaka kulihakiki unahitaji alama ya SHA-256 (ya kuthibitisha kuwa faili halikubadilishwa) kutoka kwa watengenezaji wenyewe, na huko ndiko ulikofungiwa mlango. Kifaa kinachokaa mbele ya taarifa za wagonjwa hakitiwi faili usilojua limepita mikono ya nani.

Usiku huu zima lango la VPN kwa upande wa intaneti. Unguja mna fayawoli yenye leseni? Waingie kwa hapo, kisha wapite njia ya Unguja hadi Pemba. Mpigie mtoa huduma wenu wa intaneti, mwambie kwa anwani ya Pemba aruhusu milango ya VPN kutoka anwani ya Unguja peke yake, mengine ayazuie kwake kabla hayajakufikia. Hatari haiondoki yote, ila inatoka kwenye dunia nzima na kubaki kwa wachache. Na kikianguka tena, hifadhi logi mara moja, pelekeni taarifa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao.

Msumari_wa_Jahazi
Unguja ipo, na mkataba wake ni hai. Tatizo ni kuwa daktari mkuu anaingia akiwa safarini, na amezoea anwani ya Pemba. Atapiga kelele.

MamaWete
Apige. Mpe anwani mpya.

Msumari_wa_Jahazi
Nimezima lango muda si mrefu. Wawili wameshanipigia, nimewapa njia ya Unguja, mmoja ameingia na mmoja bado anahangaika na nywila. Mtoa huduma kasema niandike barua pepe, nimeandika. Faili silitii. Ripoti nimebadilisha, inasema kubwa, na nimeomba kifaa kipya chenye mkataba pamoja na ruta ya akiba ikae tawini. Sababu nimeandika "kifaa hakina mkataba wa msaada wa watengenezaji". Jina la shemegi sikulitia na sitolitia.

Bwana_Karafuu
Mkurugenzi ataliuliza, kijana. Risiti ipo kwenye jalada.

Msumari_wa_Jahazi
Akiuliza nitamjibu, ami. Nimeshamwita shemegi Jumapili, aje na karatasi za ununuzi alizonazo. Kama usajili unaweza kuhamishwa, tuanze hapo.

BintiMkoani
Ukitaka, Jumatatu nipo Chake. Naweza kupita hapo nikamuonesha kijana wa mapokezi na mwenzake wa mchana namna ya kuchomeka kebo. Niambie tu tundu la konsoli la kifaa chako ni lile la RJ45 au dogo la USB, nijue nibebe adapta gani.

Msumari_wa_Jahazi
RJ45. Laptopu ya mapokezi haina tundu la siriali, kwa hiyo njoo na ile ya kugeuza kwenda USB. Nakutumia namba ya kijana faragha.